Kwa Rraseabelo

Gaborone, 9 Mei 1977

Dada Gaolape,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, ila baridi ya mwaka huu imekuja na ubaya wake, na chumba ninachopanga dirisha lake halifungi. Usimwambie Mama, atanitumia blanketi lake.

Nina habari, na naomba uisome kwanza ukiwa peke yako. Unajua kazi yangu ya kuchora ramani, ile unayosema ni ya kulipwa kwa kukaa. Wiki iliyopita iliwekwa mezani kwangu karatasi ya upande wetu, kuanzia Letlhakeng kwenda magharibi mpaka mchangani kabisa. Wapimaji walipita huko mwaka jana wakiuliza majina kwa madereva wa malori na wachungaji. Dada, majina mengi yametoka kwa Baba. Pale gari lake la maksai lilipovunjika mhimili, panaitwa Mhimili. Pale simba alipomla Phatshwa, yule maksai wa madoa anayesimuliwa kila Krismasi, panaitwa Phatshwa. Hata maksai amepata mahali pake kwenye ramani ya serikali. Nilicheka mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Kisha nikafika kwenye kisima chetu. Wameandika Rraseabelo.

Unajua ninakokwenda, maana tuliwahi kulisema tukiwa wadogo tukanyamaza. Kwetu mzazi huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mama ni Mmagaolape, mama yako wewe. Basi Baba angekuwa Rragaolape, lakini dunia nzima inamwita Rraseabelo, yaani Baba Seabelo. Huyo Seabelo yuko wapi? Kwetu hayupo. Kama Baba alitangulia kuzaa na mwanamke mwingine, mimi na wewe tunajua nani anapelekewa sukari na tumbaku kila lori linapokwenda kambini kwetu kwa ng'ombe, na paja kila ng'ombe anapochinjwa. Sisemi Bibi Mosidi ni mtu mbaya. Nasema tu kwamba Mama amelisikia jina hilo maisha yake yote, na sasa litachapishwa, lining'inie kwenye kuta za ofisi.

Nataka niandike Moreri. Ndilo jina lake halisi, na ni la ukoo wetu. Yeye ndiye aliyechimba kile kisima wakati hakuna mtu aliyethubutu kupeleka ng'ombe ng'ambo ile. Anastahili jina lisilo na minong'ono. Karatasi inaondoka Juni kwenda kuchapishwa ng'ambo. Nijibu upesi, na Mama asijue.

Mdogo wako,
Phenyo


Letlhakeng, 30 Mei 1977

Phenyo mdogo wangu,

Barua yako ilifika Mama akiwa anatwanga mtama. Akauliza, "Phenyo anasema nini?" Kwa kuwa sikuweza kumwambia unachosema, nilimwambia unalalamika dirisha. Basi blanketi linakuja, na wa kulaumiwa ni wewe mwenyewe.

Mvua ilitudanganya mwaka huu. Majani kambini yamekwisha, ng'ombe wanatembea mbali na kurudi na kiu. Baba alirudi juzi akiwa anakohoa kikohozi kisichonipendeza, ila ukimwambia aende zahanati anasema wagonjwa ni wengi, asiwabanie nafasi. Na ule wazimu wake anaendelea nao. Nilikuwa naye kule mwezi uliopita, nikamwona kwa macho yangu. Jioni, ng'ombe wakishamaliza kunywa, anachota ndoo nzima na kuimwaga chini kando ya birika la kunyweshea, mahali palepale pa siku zote. Mwaka wa ukame namna hii! Nikamwambia, "Baba, kuna watu wanayaomba maji hayo." Akanijibu, "Waambie waombe mengine." Unakumbuka wewe alivyokuchapa siku uliyompokonya ndoo? Hakuwahi kukuchapa kwa kingine.

Kuhusu jina, nimekaa nalo wiki nzima. Nikuambie kitu nilichokiona siku nyingi nikadhani ni uvivu. Mama hakanyagi karibu na birika lile. Tukiwa kambini huletewa maji nyumbani. Nikimwomba akateke anasema miguu inauma, kisha anakwenda kuokota kuni mbali kuliko kisima. Sasa baada ya barua yako naona labda ni hasira. Kambi ya Mosidi iko hapohapo, hatua chache kutoka kwenye maji.

Nilitaka kumuuliza, nikashindwa. Mtu anamuulizaje mama yake jambo la namna hiyo, huku anapepeta unga?

Andika Moreri. Yaishe.

Dada yako,
Gaolape


Gaborone, 20 Juni 1977

Dada Gaolape,

Yamekwisha. Mkuu wangu alisema mwenye kisima akiwa na jina lake, yeye hana sababu ya kubishana na mtoto wa mwenye kisima. Nikachukua wembe, nikaukwangua ule wino taratibu mpaka karatasi ikawa safi, nikaandika MORERI kwa mkono wangu. Hakuna herufi nilizowahi kuzichora vizuri kama hizo.

Karatasi iliondoka jana. Sasa mwambie Baba. Usimweleze kwa nini, mwambie tu kwamba jina lake limeingia kwenye ramani ya nchi na aliyeliandika ni mwanawe. Ningependa kuuona uso wake.

Blanketi limefika. Lina harufu ya moshi wa nyumbani, na nililala kama mfalme.

Phenyo


Letlhakeng, 24 Julai 1977

Phenyo mdogo wangu,

Nimemwambia. Nilingoja siku aliyopata nafuu, akawa ameketi juani na bakuli lake la maziwa ya mgando. Mama alikuwa amekwenda kwenye ibada ya kina mama. Nikamsomea barua yako, ile sehemu ya jina.

Akasema, "Hebu soma tena." Nikasoma tena.

Akauliza, "Limeandikwa Moreri?"

"Ndiyo, Baba. Phenyo mwenyewe kaliandika."

"Na lile jingine? Limeandikwa wapi?"

Nikamwambia halikuandikwa popote, lilifutwa ili hili liingie. Kisha akasema, "Sawa. Amesoma mtoto yule," akanirudishia bakuli likiwa halijapungua. Nilidhani ni furaha. Wewe unamjua, si mtu wa kuonyesha.

Tangu hapo neno lake ni moja tu. Anataka kwenda kambini. Nikamwambia kule kuna baridi na yeye kifua kinamsumbua, akasema hajaomba ushauri, ameomba lori. Nafikiri anataka kupatazama mahali pake kwa kuwa sasa pana jina lake. Basi jana nikambembeleza dereva, tukampandisha mbele na mablanketi yake. Mama alikuwa pale anafunga mizigo. Waliagana kama watu wanaokutana kesho.

Dereva alivyokuwa anawasha gari alimtania, "Mzee, leo tunakwenda wapi?" Baba akasema, "Unauliza unakojua?" Dereva akacheka, "Kwa Rraseabelo, basi." Baba akafumba macho.

Nitakwenda kumwangalia mwezi ujao. Usiwe na wasiwasi.

Gaolape


Gaborone, 14 Agosti 1977

Baba yangu mpendwa,

Dada Gaolape atakusomea barua hii. Nasikia uko kambini, basi asome kwa sauti, ng'ombe nao wasikie.

Baba, sijawahi kukuandikia wewe peke yako. Nilikuwa naona haya. Nilipokuwa mdogo nilidhani hunipendi kwa sababu ya siku ile ya ndoo. Sasa nimekuwa mtu mzima na ninakaa nachora nchi yetu kisima kwa kisima, na ninaona ni wangapi waliojaribu kupita kule mchangani wakarudi nyuma. Wewe hukurudi. Ndiyo maana nimekuandika.

Ramani itatoka Oktoba. Nitakuja nayo mwenyewe, tutaitandika mezani na utaniwekea kidole kila mahali unionyeshe ulilala wapi, uliua nini, ulikula nini. Usife kabla sijafika, nakutania tu.

Mwanao,
Phenyo


Letlhakeng, 19 Septemba 1977

Phenyo,

Barua yako kwa Baba ilifika siku mbili baada ya wewe kurudi Gaborone kutoka mazishini. Nimeisoma, nikailaza kwenye sanduku la nguo zake. Ulikuwa unaiandika na mtu amekwisha kufa tangu juzi yake.

Nakuandikia jambo zito. Kaa chini.

Ulipokuja na lori la kazini kumchukua maiti kambini, Bibi Mosidi alikushika mkono akakuambia Baba alisema azikwe pale kando ya birika, maji yanapomwagika. Ukamjibu kwa upole kwamba mgonjwa wa homa husema mengi. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na nilikubaliana nawe. Nani anazikwa kwenye matope yanayokanyagwa na ng'ombe? Tukamleta kijijini, tukampa jeneza, saruji, jiwe na jina. Watu wakasema mzee amezikwa na watoto wanaojua heshima.

Wiki iliyopita Mama akasema twende kambini kukusanya vitu vyake. Jioni ng'ombe wakaja kunywa. Walipoondoka, Mama akainuka, akaichukua ndoo, akaenda mpaka kwenye birika. Mama, Phenyo. Bibi Mosidi alikuwa ameketi mlangoni kwake, akamtazama.

Mama akamwambia, "Leo nimekuja mwenyewe."

Mosidi akasema, "Nimekuwa nikimwagia mimi tangu alipoondoka mzee. Mikono imechoka. Karibu."

Mama akaimwaga ile ndoo, kisha akaketi kwenye tope na nguo zake za msiba. Nikamkimbilia nikidhani ameanguka. Akaniambia, "Keti. Uko kwa dada yako."

Nakuandikia kama alivyosema. Sina namna nyingine.

"Seabelo alikuwa wa kike. Hajaanza kutambaa. Tulikuja na ng'ombe mwaka wa njaa, baba yako akaona nyasi hizi, akasema chini yake lazima kuna maji. Akachimba. Maji tuliyokuja nayo yakaisha, tukala matikiti ya porini aliyotuonyesha Mosidi, wakati huo msichana kama mimi. Maziwa yakanikauka. Siku mtoto alipokata roho baba yako alikuwa chini ya shimo, na ndiyo kwanza amefikia udongo wenye unyevu. Maji bado, unyevu tu. Mosidi akamwita juu.

"Unajua mtoto wa umri ule hawekwi kwenye udongo mkavu. Ukimweka pakavu, mvua inakataa nchi nzima. Analazwa pabichi, na anazikwa na wanawake. Ubichi ungepatikana wapi? Ulikuwa huo mmoja tu, alioushika baba yako mikononi. Tungeukamua kwenye kitambaa tukanywa, hata yeye alikuwa midomo imepasuka. Akaupandisha ndoo kwa ndoo mpaka ukatosha. Mimi na Mosidi tukamlaza ndani yake, hapa. Maji yakatoka wiki hiyohiyo.

"Baba yako hakuacha pakauke. Hata siku moja. Akiwa safarini, alikuwa anamwachia Mosidi."

Nikamuuliza mbona hatukuambiwa. Akasema mtoto wa namna hiyo haliliwi hadharani, wala wanaozaliwa nyuma yake hawaambiwi. Nikamuuliza mbona yeye haitwi Mmaseabelo.

"Waliniita hivyo. Kila wakiniita nilikuwa naitika huku nakatika ndani. Ulipozaliwa wewe nikawaomba waniite kwa jina lako. Nikamwomba na baba yako aache. Akasema, 'Wewe acha. Mimi siachi. Tukiacha wote wawili atabaki na nani?'"

Basi ndiyo hivyo, mdogo wangu. Hakukuwa na mwanamke mwingine. Ile sukari na tumbaku ilikuwa shukrani. Baba alikwenda kambini kwa sababu nilimwambia jina limefutwa, na mimi nikakuandikia kwamba amefurahi.

Mama nimemweleza habari ya ramani. Alininyooshea tu ile ndoo tuijaze tena.

Gaolape


Gaborone, 23 Oktoba 1977

Dada Gaolape,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilichana.

Nilikwenda kwa mkuu wangu siku ileile barua yako ilipofika. Nikamwambia nimekosea jina, naomba lirudishwe. Ni mtu mzuri, alinitafutia kiti. Akasema karatasi zilikwisha kuchapishwa, na ramani ya eneo kama lile hairudiwi mpaka ipite miaka mingi, labda yeye atakuwa amestaafu. Akaniuliza, "Kwani lililokuwapo lilikuwa na maana gani?" Nikasema ni jina la mtoto. Akatoka nje akaniacha humo ofisini kwake.

Juzi zilifika. Tumezifungua mezani, zinanukia wino mpya. Mhimili upo. Phatshwa yupo. Maksai wetu yumo kwenye ramani, dada yetu hayumo. Alikuwamo. Wale wapimaji hawakujua lolote, wakamwandika bila kosa, na aliyemkwangua kwa wembe ni mimi, tena kwa uangalifu ili isibaki alama.

Kisha nikamwondoa na Baba pale alipotaka kulala. Nilikuwa na haraka, lori lilitakiwa kurudi Jumatatu. Nafikiria sana jinsi Bibi Mosidi alivyonishika mkono, na jinsi nilivyoutoa mkono wangu polepole ili nisimwudhi.

Nimeuliza kuhusu kumhamisha. Kuna vibali, na mchungaji anasema tusimsumbue marehemu. Sijui. Labda kweli nimekwisha kumsumbua vya kutosha.

Krismasi sitakuja. Mwambie Mama kazi ni nyingi. Sina uso wa kuingia nao nyumbani.

Phenyo


Letlhakeng, 20 Novemba 1977

Phenyo mwanangu,

Anayeandika ni Gaolape. Nimemwambia aandike ninachosema, asinitengenezee maneno.

Dada yako alinisomea kwamba kazi ni nyingi. Nikamwambia asome na chini yake, maana namjua anavyoruka. Basi nimesikia kuhusu uso. Uso unao, ni wa baba yako, na ninautaka hapa.

Hukujua. Hukuambiwa. Ulidhani unanifuta machozi, nami sikuwahi kukuonyesha ninayolilia. Kosa hilo usilibebe peke yako, sisi wazazi tulikutangulia nalo. Nilidhani nikinyamaza nitapona. Sikupona, nilimwachia baba yenu mzigo wote, naye akaubeba mpaka akawa mzee.

Kuna jambo sikumwambia hata Gaolape, analisikia sasa hivi anapoandika. Siku ile baba yenu anapanda lori, mimi nafunga mizigo yake, aliniinamia akaniita Mmaseabelo. Hakuwahi kuniita hivyo tangu Gaolape alipozaliwa. Mimi sikuwa na habari ya ramani, nikaona ananitonesha tu. Nikajifanya kamba imenishinda. Sikuitika. Lori likaondoka.

Kumhamisha tuache. Watu wa kanisa wananiambia nikae kijijini nilifagie kaburi lake. Lakini yeye ana jiwe, ana jina juu yake, na ana wapwa wa kumfagilia. Kule kambini yuko mmoja asiye na chochote ila ndoo ya jioni, na Mosidi amechoka. Ninahamia huko na lori la Jumatano. Gaolape amelia, kisha amenifungia sufuria.

Krismasi uje. Hiyo karatasi yako iache hukohuko, ila blanketi langu lilete, kule usiku kuna baridi. Ukifika Letlhakeng usimwambie dereva unakwenda kwa Moreri, hatapajua. Mwambie kwa Rraseabelo. Ukishashuka, usiulize alipo Mmagaolape. Nimewatumia habari wote wa kule waniite kwa jina langu la kwanza, na wamesema watajitahidi. Uniite hivyo na wewe.

Safari hii nitaitika.

Mama yako,
Mmaseabelo